Raba ya Upande wa Ekzosi

Kioo cha ndani kilianza kutetemeka mwezi wa pili.
Kwenye taa nyekundu, kabla ya daraja la Cervo,
malori ya nyuma yaligeuka ukungu wenye macho,
na kila nilipotia gia ya kwanza kitu kilinigonga chini ya miguu,
du, mara moja tu,
kama mpangaji wa ghorofa ya chini anayeomba kimya.

Nikampigia Gualtiero.
Tumeachana, huu mwaka wa tisa. Nyumba niliichukua mimi;
mbwa alikufa bila kumsubiri hakimu;
ila Alfa hii ya sabini na nne haikugawanyika:
kadi ina jina lake, gereji ina kufuli langu.

Alikuja Jumamosi na jeki, na kofia ileile.
"Ingia. Washa. Kanyaga breki, tia gia ya pili,
achia klachi kidogo, kidogo tu, nione."
Nikaachia.
Injini ikainuka upande mmoja
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili,
kisha ikaketi.
"Imekatika," akasema. "Ya upande wa ekzosi. Moto umeipika."

Tukaweka kipande cha ubao juu ya jeki,
maana sampo ni ya alumini, haipendi kubusiwa na chuma.
Nati ya juu ilikubali.
Ya chini ilikataa, ikapewa mafuta, ikakataa,
ikatukanwa kwa Kipiemonte cha bibi yake,
ikalegea.

Raba ilitoka vipande viwili,
imevimba mafuta, ina nyufa kama kisigino cha kiangazi.
Niliiminya, ikaniachia masizi vidoleni.
Miaka hamsini imelala kati ya chuma na chuma,
ikimeza mshindo wa huku usifike kule,
na hakuna aliyewahi kufungua boneti kuisabahi.
Mafahali wawili hawakai zizi moja, walisema.
Hawakuuliza habari za raba.

Ugomvi ulianzia kwenye mfuko.
Gualtiero alikuwa amenunua zile ngumu, za mashindano.
"Hizi hazikatiki," alisema. "Utazikwa, zenyewe zipo."
Nikaibonyeza moja kwa gumba. Haikusikia.
Nimetengeneza mashine za kufuma sufu miaka thelathini
katika kiwanda ambacho sasa ni hoteli;
najua kitu kisichobonyea hukupeleka wapi:
usukani utanong'ona, viti vitanong'ona,
jino langu la nyuma litajua kila pistoni kwa jina.
"Nataka laini," nikasema. "Nataka zinazochoka."
Alinitazama kama anayesoma barua ya zamani
akakuta mstari aliouruka.

Akaenda Torino, kilomita themanini, akarudi saa tisa
na zile laini, na mkate wenye anchovi, hakusema neno.

Tundu na bolti havikuonana.
Pungufu ya upana wa ukucha. Jeki juu, jeki chini,
feni ikikaribia rejeta kiasi cha kunikata pumzi.
Basi nikaikumbatia injini kwa mikono miwili,
nikaiyumbisha kama mtoto asiyetaka kulala,
naye akapenyeza bisibisi, akasubiri,
akasubiri,
tukasikia: tk.
"Usikaze bado," nikamwambia.
"Shusha jeki kwanza. Iache ikae kwa uzito wake."
"Najua," akasema.
Alijua. Ndiyo maana nilimpigia yeye.

Jioni niliitoa uani, nikaiacha ingurume palepale.
Usukani kimya. Miguu kimya.
Na kwenye kioo, kimetulia kama maji ya ndoo,
nilimwona mtu mzima, mkono mmoja kwenye jeki,
akiinama kuokota ile raba iliyokatika,
akiifuta kwa kofia,
akiitia mfukoni
akidhani simwoni.